Shikamoo ya Pili

Salvina hana mtoto, lakini Mwakitolyo nzima inamwita Mama Seva. Mtoto mwenyewe ni kompyuta ya mezani iliyonunuliwa Kahama baada ya ofisi fulani kuichoka. Imekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya steshenari yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi la makarasha, mashine za kusaga mawe, lisiiue. Wateja wanaokuja kutoa kopi huanza kwa kuuliza, "Seva kaamkaje?" Naye hujibu bila kucheka, "Hajambo, ila betri ilimsumbua kidogo."

Kwao ni Ushirombo, familia ya Kikatoliki inayosali kwa ratiba na kulima kwa mstari. Alisomea kompyuta chuo cha ufundi, akaja huku machimboni kujitafutia maisha, na kikundi chetu cha wachimbaji wadogo kikamfanya katibu kwa sababu tu anaandika haraka. Hatukujua tumemkaribisha nani. Salvina ni mtu anayepanga viatu vya wageni mlangoni.

Kilichomfanya alete Seva ni mvua za mwaka uliopita. Maduara, yaani mashimo tunayochimba, yamekutana huko chini kama njia za fuko. Maji yakiingia duara la bondeni, muda si mrefu yanatokea duara la juu. Bondeni simu hazishiki mtandao, na kelele za makarasha zinameza sauti ya mtu. Siku moja maji yaliingia hivyo, na taarifa ilifika juu wakati Maganga na wenzake wameshalowa hadi kifuani. Walitoka hai. Salvina akaapa mbele ya kikundi kwamba taarifa ya maji haitachelewa tena.

Akapakua programu huria ya mazungumzo ya kikundi, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua, kuibadilisha na kuiweka kwenye mashine yake bila kumpigia mtu magoti. Akasimika antena juu ya paa na nyingine kwenye mlingoti bondeni, akaunga sola, na simu zetu zikaanza kuongea kupitia kwa Seva bila bando. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka. Dhahabu yetu inaondoka kila siku na hatujui inalala wapi. Kwa nini na maneno yetu yakalale ng'ambo, kwenye mashine ya mtu asiyejua Mwakitolyo iko upande gani? Mchimbaji anamwita mwenzake aliye ng'ambo ya kichuguu, na neno lizunguke dunia nzima ndipo limfikie! Salvina aliifuta safari hiyo kwa waya na ngazi ya kuazima. Ningekuwa diwani ningempa barabara yenye jina lake.

Tatizo likawa salamu.

Alifungua chumba kimoja ndani ya programu, akakiita Kazi Tu. Kulipokucha kikajaa. Shikamoo Mzee Ngusa. Marahaba. Shikamoo Mama Noela. Marahaba, ng'ombe hawajambo? Mwangaluka wote. Waliochelewa kuamka nao wakaanza upya kutoka juu. Mtu akitafuta ujumbe kuhusu magogo ya kuzuia kuta alilazimika kupita katikati ya marahaba kama anayepita kwenye mpunga.

"Jamani, humu ni kazi tu," Salvina aliandika. "Salamu tupeane njiani."

Mzee Ngusa, mwenyekiti wetu, akajibu: "Marahaba."

Hakuwa amesalimiwa.

"Huko Ushirombo mnaanzaje maneno?" aliuliza Mama Noela. "Mnamrukia tu mtu kama jogoo?"

Salvina alinuna, kisha akatunga kanuni. Ujumbe wowote utakaoanza na shikamoo, habari au mwangaluka, Seva autupe kwenye kapu ambalo katibu peke yake analiona. Na kwa kuwa ana moyo mzuri, alipanga ujumbe uendelee kuonekana kwenye simu ya aliyeuandika, asijisikie vibaya. Aliitangaza kanuni kikaoni, watu wakatikisa vichwa, wakasahau kabla ya kufika kwa mama lishe. Waliendelea kusalimia. Ikabaki minong'ono tu: fulani kapata mali, siku hizi haitikii.

Mvua zikarudi. Mchana mmoja Rosemary, anayepika chakula pale bandani tunapokulia na kufanyia vikao, alikuwa steshenari akisubiri kopi ya cheti cha ubatizo. Kompyuta ikalia tii. Salvina akatabasamu.

"Amosi wa pampu ya bondeni," alisema. "Kaandika shikamooni, Seva kaitupa. Haya, kaleta nyingine. Kichwa kigumu huyu!"

Rosemary aliacha kujipepea. "Amosi kaniamkia asubuhi, kwa mdomo wake, akinywa uji kwangu. Kawaamkia wote bandani. Shikamoo ya pili ya nini?"

"Anasalimia tu, dada."

"Kusalimia gani! Mtu akikuamkia mara ya pili siku hiyo hiyo, ana jambo limemkaa kooni. Ama kafiwa, ama anataka kuazima baiskeli. Hebu fungua!"

Salvina akafungua kapu. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Shikamooni wazee wangu, poleni na kazi, habari za mchana huu, samahani kwa usumbufu, naomba kuwajulisha kwamba maji yananizidi." Wa pili ulikuwa na adabu zaidi: "Shikamooni tena wazee wangu, pengine hamkuniona, mimi ni Amosi, siwezi kuiacha pampu, naomba kwa heshima walioko duara la juu watoke. Asanteni sana."

Katika duara la juu alikuwamo Maganga, tena, pamoja na mwenzake Enock.

Rosemary alikuwa ameshakunja kanga na kukimbia. Salvina akaandika: "Shikamoo Mzee Ngusa, toa watu sasa hivi, maji!"

Tii. Seva akautupa.

Akaandika tena, haraka zaidi, na kwa kuwa ni binti aliyelelewa, akaanza palepale alipoanzia mwanzo. Tii.

"Wewe mtoto wewe!" aliifokea kompyuta. Ndipo akakumbuka kanuni ni yake. Akaifuta yote, akatuma mara ya tatu.

Mzee Ngusa alikuwa amekaa kando ya winchi ya duara la juu, simu kifuani. Alisoma, akavuta kamba ya ishara, akaanza kuzungusha winchi huku akiwaita wote waliokuwa karibu. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaopotosha: alivuta kamba kwanza. "Marahaba mama" aliiandika baadaye. Rosemary alifika akihema na kumkuta Enock ameshatoka, na Maganga anatoka, maji magotini, akilalamikia ndala yake iliyobaki chini.

Kikaoni Salvina alisimama. Hakuwa na maneno mengi. "Niliapa taarifa haitachelewa," alisema, "halafu nikaichelewesha mimi."

Wengine walitaka turudi tulikotoka. Maganga ndiye aliyekataa. "Huko tulikotoka nililowa kifua. Safari hii ni magoti. Acheni mashine ikae, ifunzwe adabu tu."

"Nimeshafikiria," Salvina alisema. "Salamu zibaki. Ila zisijaze chumba, Seva mwenyewe atawaitikia kwa niaba ya wote. Ukiandika shikamoo, anakujibu marahaba papo hapo."

Mzee Ngusa akainua uso. "Nani ataniitikia mimi?"

"Seva, mzee."

"Ana umri gani?"

"Nilimwasha baada ya mavuno ya mwaka jana."

"Na wewe ndiye mama yake?"

"Ndivyo mnavyosema wenyewe."

"Basi kwangu ni mjukuu." Bandani walishaanza kucheka, yeye hakucheka. "Tangu lini mjukuu akaitikia marahaba? Huyo ndiye atakayeniamkia mimi."

Ikawa hivyo. Kila alfajiri Seva huwaamkia wazee kwa majina, Mzee Ngusa wa kwanza, kisha huuliza kila duara hali ya maji. Asiyeitikia mpaka jua linapotoka, mtu anatumwa kumtazama. Mzee Ngusa hajawahi kutazamwa. Hushuka bondeni mwenyewe, huchungulia duara, ndipo hutoa simu na kuandika kwa kidole kimoja: "Marahaba mjukuu. Huku pakavu. Mama yako hajambo?"