Mbuzi Aliyehudhuria Sherehe Tatu

Nimemwona mbuzi mmoja akionyeshwa katika vijiji vitatu, siku moja, kwa mkubwa yule yule.

Msicheke kwanza.

Naitwa Marselino, mzee wa Rusimbi hapa Kigoma. Macho yamechoka, kwa hiyo mimi nasimulia na binti yangu Klementina anachapa kwenye simu. Habari hii nimekaa nayo miaka hamsini, imenichosha.

Mwaka sabini na nne nilikuwa dereva wa Landrova ya serikali. Wiki ya Sabasaba akaja mgeni kutoka Dar, Bwana Feliksi, kuzungukia sherehe za wakulima kwenye vijiji vipya vya Ujamaa, njia ya kwenda Ilagala.

Sherehe gani! Watu wamehamishwa, mashamba wameyaacha walikotoka, mvua nayo imewatupa. Mama yangu Leonia alikuwa kijiji cha tatu kwenye ratiba. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, mihogo michanga isiyokomaa. Mjini nako unga ni wa foleni.

Asubuhi katibu wetu wa wilaya, Bwana Januari, akanivuta pembeni.

"Mgeni mpitishe njia ya juu, ya milimani. Mwonyeshe ziwa. Usikimbize gari."

"Njia ya juu ni mbovu, bwana."

"Ndiyo naitaka hiyo. Mimi na lori tunapita ya chini, tuwatangulie. Tumeelewana?"

Kwenye lori kulikuwa na magunia sita, mikungu ya ndizi, madebe ya mawese, na beberu mweupe mwenye sikio la kushoto lililochanika.

Kwetu, jamani, mgeni haambiwi njaa. Utaazima kuku kwa jirani umchinjie, akishaondoka mnalala na maji. Januari alifanya hayo hayo, ila kwa lori.

Haya, tukaenda.

Kijiji cha kwanza ngoma, vigelegele, beberu kafungwa kwenye meza ya maonyesho. Mgeni akampapasa mgongo.

"Mbuzi safi huyu!"

Tukapanda milima. Kila kona nasimama. "Kule ng'ambo ni Zaire, bwana." "Mitumbwi ile inarudi na samaki wetu, migebuka, bwana." Ziwa lilikuwa zuri siku ile mpaka nikalichukia. Mgongo unauma, vumbi limejaa kooni, na mimi namtembeza mgeni kwa uongo.

Kijiji cha pili, ngoma tena, magunia yale yale. Beberu alikuwa amelala chini, hoi.

"Mbuzi safi huyu," mgeni akasema, safari hii polepole.

Tulipoingia tena milimani akaniambia, "Dereva, unajua kilichonileta? Kuna mabehewa mawili ya mahindi ya msaada. Kesho naandika vijiji vya kupelekewa. Mpaka sasa sijaambiwa popote kwamba kuna njaa."

Nikapunguza mwendo.

Sema, Marselino. Sema sasa hivi, mama yako ale.

Nikafungua mdomo. "Kona hii mbaya, bwana, shika vizuri."

Ndicho nilichosema! Nilimwogopa Januari. Mwezi mmoja kabla, dereva mwenzangu Nikodemu alitaja njaa mbele ya wageni, akaitwa mpinga maendeleo, akapoteza kazi.

Kijiji cha tatu mama ndiye aliyesimamishwa nyuma ya magunia. Kavaa kitenge chake cha Krismasi, mifupa ya shingo imemtoka. Mgeni alimpita mbuzi bila kumgusa, akamwendea yeye.

"Mama, chakula kipo?"

Mama aliinua uso. Aliniangalia mimi.

Januari naye akaniangalia.

Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Kipo, baba," mama akasema. "Tumeshiba."

Watu wakapiga makofi.

Kesho yake jioni nikampeleka mgeni stesheni. Alipokuwa anapokea sanduku lake akaniuliza, "Yule beberu mwenye sikio bovu, alirudi salama?"

"Kumbe ulijua?"

"Tangu kijiji cha pili."

"Sasa umeandika kwamba kuna njaa?"

"Mimi naandika walichosema wananchi. Nilihitaji mtu mmoja tu aseme. Ile habari ya mahindi nilikuambia makusudi, nikakungoja njia nzima." Akanitazama. "Yule mama ni nani yako?"

"Amenizaa."

Bwana Feliksi alifumba macho. "Nimeshaipeleka ile karatasi ya vijiji," akasema. Akapanda treni.

Mahindi yakaenda wilaya nyingine. Wote watatu tulijua ukweli, mimi, yeye na Januari, na hakuna hata mmoja aliyeusema.

Novemba, mvua za kwanza zikianza, nilimkuta mama hawezi tena kuinuka mkekani. Akanishika mkono.

"Mwanangu, siku ile ya wageni, nilijibu vizuri?"

Ningesema nini, ndugu zangu?

"Ulijibu vizuri, mama."

Akafurahi. Siku mbili baadaye tukamzika.

Mgeni mpe kiti, mpe maji, mpe heshima zake zote. Ila akikuuliza kama una njaa, mwambie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba kinaweza kumchukua mwingine, kikakuacha wewe uzeeke.