Tulimfunga farasi nira ya maksai, dada Kabula akamtibu. Mpaka leo sielewi

Wakuu, mwangaluka. Wakubwa zangu shikamooni.

Stori hii nimekaa nayo miaka arobaini na sijaitia chumvi hata punje. Atakayesema vijijini kwetu hakukuwa na farasi simlaumu. Hata mimi nisingemwona kwa macho yangu ningebisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu, mbele kidogo ya Isaka. Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka kupima mawe ya dhahabu alimaliza kazi akaondoka. Baba alikuwa mlinzi wake, basi akamwachia farasi. Jike, mpole kama kondoo, watoto wanamshika mpaka pua.

Sasa tukaharibu.

Maksai wetu mmoja wa plau alikuwa amekufa, na mvua ndiyo zimeanza. Baba akasema nguvu ni nguvu tu. Tukamfunga farasi nira pamoja na maksai aliyebaki. Nilikuwa na miaka ishirini, na mjeledi niliushika mimi.

Waliokulia kwenye plau wameshajua. Nira ya ng'ombe inakaa mbele ya nundu. Farasi nundu hana. Ule mti ulikuwa unateleza na kumkwangua pale shingo inapokutana na mgongo. Akigoma, baba anasema ana kiburi, mzungu kamdekeza. Mimi nachapa.

Wiki mbili tu, kidonda kama sahani. Ukimsogelea anauma. Hata ukijikuna kichwa anaruka.

Ndipo akarudi dada Kabula. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara mmoja huko machimboni Bulyanhulu. Alifika na kanga moja, jicho limevimba, haongei na mtu. Siku moja niliinua mkono kutundika jembe ukutani, akajikunja kwenye kona. Nilisimama na jembe langu sijui niliweke wapi.

Baba akasema apumzike, akipona arudi kwa mumewe. Ng'ombe wa mahari yake tulishawatoa kumuozea kaka yetu mkubwa, kwa hiyo kumbakiza nyumbani ilikuwa kasheshe. Na mimi kila asubuhi namuuliza, "Dada, unarudi lini?" Nilidhani ndiyo kumjali.

Yeye akawa anashinda zizini. Anakaa chini, kampa farasi mgongo, basi. Nikajua amechanganyikiwa, na nikaogopa kweli, maana yule mnyama alikuwa ameshamng'ata baba.

Siku ya nne au ya tano farasi akamfuata mwenyewe, akamwekea kichwa begani. Dada akaanza kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kumpaka samli. Samli ya kula, wakuu. Mama alinuna.

Asubuhi moja tukamsikia anaita, "Baba, njoo uone." Tangu arudi ndiyo mara ya kwanza anatoa neno.

Akamwonyesha kwa kidole. "Hapa ni mfupa mtupu. Nira yako ilikuwa inakaa juu ya mfupa."

Baba aliangalia, akaangalia, akaondoka.

Kidonda kinaanza kufunga, wakwe wakaja. Mume na baba yake mdogo. Wakapewa viti, salamu zikaisha. Yule mzee akasema, "Binti yenu ana kiburi. Mume akimrekebisha anakimbia. Tumekuja kumchukua."

Baba akasema, "Hata farasi wangu nilisema ana kiburi. Nikamtesa, na huyu kijana wangu akamchapa. Kumbe nira ndiyo ilikuwa inamla. Kabula haendi. Ng'ombe zenu nitazitafuta."

Wakuu, baba yangu hakuwa mtu wa kusema nimekosea, tena mbele ya wakwe. Sikujua nifurahi au nione aibu. Huko zizini dada alikuwa analia kwa sauti, kashika manyoya ya shingo ya farasi.

Farasi alikufa mwaka uliofuata, nadhani kwa ugonjwa wa mbung'o. Baba alimchimbia kaburi mwenyewe.

Mwaka jana nikamuuliza dada alijuaje kumtuliza. Akanishangaa. "Sikumtuliza. Pale nyumbani ni yeye peke yake ambaye hakuniuliza narudi lini."



Somo nililopata: kabla hujasema fulani ana kiburi, angalia kwanza umemfunga nini shingoni. Hilo nimelielewa.

Nisilolielewa nawaachia ninyi mliowahi kuishi na farasi, komenti ziko wazi. Je, anakumbuka mkono uliompiga? Maana kabla hajafa alikubali baba amshike, aliyemfunga nira. Mimi nilimpelekea majani kila siku mwaka mzima, na hakuwahi kula nikiwa nimesimama pale.