Wakili wa Mikoko na Mjane wa Sheha

Ukitaka kumuudhi Wakili Ghaliya binti Marhoun, msifu kwa kesi ya mikoko. Atakuuliza watoto hawajambo, atainuka, na mazungumzo yamekwisha.

Mashamba ya mikarafuu ya babu yake yalichukuliwa kabla hajazaliwa. Alichorithi ni ubishi. Akasomea sheria, akafungua ofisi ya chumba kimoja Wete, akawa anatetea visivyo na mdomo: misitu, chemchemi, miamba ya pwani. Wanavijiji walimlipa kwa kumwalika harusini, na hakukosa hata moja, akiimba kuliko wenye shughuli.

Mwaka 1999 kampuni moja ilitaka kufyeka mikoko ya kijiji kimoja nyuma ya Gando ichimbe mabwawa ya kufugia kamba. Ilidai wanakijiji wamekubali mkutanoni. Uongo mtupu! Wanakijiji wakamjia Ghaliya, wakaapa kwamba aliyewauza ni sheha wao, mkono wa serikali kijijini, Mzee Jecha. Ushahidi? Si mtu wa chama cha serikali huyo? Miaka ile hilo lilitosha. Kijiji kizima kilikuwa upinzani, na watu wa vyama viwili hawakusalimiana, hawakuuziana hata chumvi, hawakuzikana. Tulijifanyia wenyewe, wala tusimsingizie shetani.

Asubuhi moja Mzee Jecha akaingia ofisini kwa Ghaliya, kitambaa kimemzunguka shavu kama mgonjwa wa jino. Alipokifungua, jino lilikuwa zima.

"Mwanangu, nkutano ule haujakuwapo. Barua yangu ya kukataa imo jaladani, wilayani." Akamtajia namba ya jalada na kabati lilimo. "Iombe mahakama ilitake. Lakini usinitaje kwa ntu yeyote mpaka hukumu isomwe. Wakubwa wakijua, jalada hilo hulioni tena."

"Hata Bi Kazija asijue?"

"Nke wangu kaninunia mwezi wa pili huu. Nikimwambia leo, kesho habari iko kisimani." Akacheka. "Atajua baadaye, atanipikia."

Ghaliya akaapa. Mahakama ikaamuru jalada liletwe. Siku tatu kabla ya kuletwa, Mzee Jecha akaanguka uani kwake, akafa.

Msibani Ghaliya alikuta wanawake sita tu. Mwanapili, dada wa marehemu, alimwinamia mjane akamuuliza kama ilivyo ada:

"Wifi, ushamwachia radhi mumeo?"

Bi Kazija akageuza uso ukutani. "Kauza mikoko ya watoto wake. Radhi akaitake kwa aliowauzia."

Ghaliya alikuwa amekaa ubavuni mwake, magoti yao yakigusana. Neno lilimjaa kinywani. Angeweza kulisema sikioni, kwa mtu mmoja tu. Akalifikiria jalada, akazifikiria siku tatu, akalimeza.

Jeneza likatoka. Kwetu jeneza hugombewa, kila bega lataka thawabu, hata marehemu hufika kaburini upesi kuliko alivyotembea uhai wake. Lile lilibebwa na wanaume wanne, wanne hao hao hadi mwisho, wakilitua njiani wapumzike. Wengine walikaa barazani wakilitazama likipita. Ghaliya aliona yote dirishani, akalia mpaka mtandio ukarowa.

Jalada lililetwa, kijiji kikashinda kesi, mikoko ikabaki. Hukumu iliposomwa, na barua ya Mzee Jecha ndani yake, Bi Kazija alikuwa ametoka eda wiki moja tu. Ghaliya hakungoja pongezi. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, akamkuta jikoni anakuna nazi, akamweleza yote tangu kitambaa cha shavuni.

Mkono wa Bi Kazija ukasimama. "Alinambia jino lamuuma," alisema. "Wala sikumjibu."

"Nisamehe, mama. Niliapa."

"Nilipoulizwa radhi, weye ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulikaa wapi?"

"Ubavuni mwako."

Nje watu walikuwa wameanza kufika, makundi kwa makundi, wanaume wale wale wa barazani, wakipiga hodi kwa sauti za aibu. Bi Kazija hakuwaitikia. Aligeuza uso ukutani, kama siku ile.

Ghaliya alikaa pale sakafuni hadi alasiri ikaadhiniwa, akingoja naye aachiwe radhi. Hakuachiwa.