Mwangaluka ya Saa Moja Jioni

Najua utacheka. Hata mimi ningecheka. Ukiniambia umeona mzuka, nitakuuliza kwanza ulikuwa umekula nini. Chuo kilinifundisha hivyo. Lakini hili lilinitokea mimi mwenyewe, Geita, barazani kwa mama yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mwanga mkali ulimuumiza, giza lilimtisha. Sebuleni kulikuwa na dima, ile swichi ya kuzungusha ili mwanga upungue, iliyofungwa enzi za balbu za zamani, zile zinazochoma mkono. Nikaweka balbu tatu za LED. Kila nikizungusha dima, taa zinapepesa kama jicho lililoingia mchanga.

"Nyumba hii hainitaki tena," mama akasema. "Jumamosi nipeleke Chato kwa dada yako."

Niamini, nilijua akiondoka hatarudi. Nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali ingebaki na kufuli.

Saa moja jioni nilikuwa barazani nasoma boksi la balbu, nikasikia, "Mwangaluka."

Mzee mmoja, testa ya fundi umeme mfukoni mwa shati, amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa. Mwangaluka ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Mzigo wako mwepesi," akasema.

Huku kwetu ukisema mzigo, watu wanawaza mawe ya dhahabu. Nikamjibu, "Mzee, mimi si mchimbaji."

Akacheka. "Msomi mzima! Mzigo wa dima. Hiyo ilizoea balbu nzito, vitaa vyako haivihisi hata kidogo. Tafuta dima ya LED, na balbu zilizoandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa. Si zote zinakubali."

Nani alimwambia? Mimi sikuwa nimesema neno. Na badala ya kumuuliza hilo, nikaleta ujuaji: "Halafu mzee, jioni tunasema mwadila."

Akaniangalia kama mtu aliyefukuzwa mlangoni. Taa zikazimika. Ziliporudi, baraza tupu. Nikakimbilia getini: limefungwa kwa ndani, ufunguo ninao mimi.

Nilipomsimulia mama, nilitegemea anicheke. Badala yake akauliza, "Umemsahihisha? Mwanangu, kwao waliokufa ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha."

Kesho yake nikanunua dima na balbu kama yule mzee alivyoagiza. Mwanga ukashuka taratibu, ukatulia. Mama hakwenda Chato.

Nimejipa maelezo mengi: uchovu, jirani, ndoto ya dakika moja. Hakuna linalofungua lile geti. Mpaka leo nikienda Geita, mama hunituma barazani jioni nikaombe radhi. Mimi, nisiyeamini kitu! Naomba radhi mbele ya geti, najiona mjinga, na sithubutu kukataa.

Kwa hiyo wewe, kabla hujanunua balbu, hakikisha inaelewana na dima yako. Na mgeni akikosea salamu, itikia tu. Usimfundishe saa.