Kanda ya Likizo kwa Papa Rosa

Siku ya kwanza ya kazi sikuruhusiwa kugusa kompyuta. Patroni, mwenye studio, alinipa kitambaa cha pamba akanionyesha meza yenye mashine mbili za kuchezea kanda, kioo kikubwa cha kompyuta, na sanduku lake lililofunguliwa ubavu ili lipate hewa.

"Futa vumbi," alisema. "Ukimaliza, futa tena. Vumbi ya Kisangani iko kama askari: unafukuza moja, mbili zinaingia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilifuta vumbi wiki nzima, na hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi wa montaji, yaani kukata na kuunganisha picha za video, katika mwaka wa pili wa vita.

Ninyi mnaopiga picha kwa simu na kuzipeleka Ulaya kabla chai haijapoa, mtaona ajabu kwamba kazi hiyo ilikuwepo mjini kwetu wakati watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Ilikuwepo kwa sababu ya vita yenyewe. Mto ulikuwa umefungwa. Meli hazikushuka Kinshasa wala hazikupanda. Watu waliokuwa chini ya mto siku ile walibaki huko, na sisi wa juu tulibaki huku chini ya waasi na wageni wenye bunduki. Zamani, likizo zikifika, watoto walipakiwa melini kwenda kwa shangazi na wajomba. Sasa hawakuweza kwenda popote, basi familia zikaanza kuwapeleka watoto kwenye maporomoko ya Wagenia, au shambani Bengamisa, kuwavalisha nguo za Jumapili, kuwapiga video na kuituma kanda kwa baba au bibi aliyekwama ng'ambo ile. Kanda ilipanda ndege ya mizigo kwenda mashariki, ikatoka nje ya nchi, ikazunguka, ikaingia Kinshasa baada ya miezi. Tuliziita kanda za likizo.

Mimi niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari mama alipofariki. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Papa, yaani baba yetu, alifanya kazi kwenye reli ya Ubundu, akabaki huko vita vilipoanza. Nilikuwa nauza lituma, ndizi za kupondwa, sokoni Mangobo, mama mmoja nisiyemjua akapita, akaniangalia, akasema, "Pole kwa papa yako, mwanangu," akaendelea na safari yake. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo chake. Sahani ya ndizi mkononi, wateja mbele yangu, hakuna wa kunishika. Ninalisema hili kwa sababu linahusu kazi niliyokuja kufanya baadaye.

Baada ya vumbi, Patroni alinipeleka nje kubeba betri na miguu ya kamera. Nilikaa Bengamisa msimu mmoja, nikijifunza kusimama jua likiwa mgongoni na kutoruhusu kamera itikisike. Aliponirudisha mjini alinikalisha mbele ya kompyuta, kwa kuwa parokia ilikuwa imenifundisha kuchapa.

"Antho, sikiliza. Kwanza unanasa." Kunasa ni kuingiza picha kutoka kwenye kanda hadi ndani ya kompyuta, na huenda polepole kama kanda yenyewe inavyocheza. "Halafu unafunga sauti. Yote. Hata kama unasikia ndege wanaimba, funga."

"Kwa nini, Patroni?"

"Sababu nyuma ya ndege iko bunduki. Hapa unaizoea, huisikii tena. Kule Kinshasa mama yake mutu atasikia hiyo tu."

Basi sauti ilifungwa, muziki ukawekwa. Halafu tulikata. Tulikata askari aliyepita nyuma ya watoto. Tulikata daraja na kiwanja cha ndege, maana kwenye ukaguzi walizicheza kanda, na ile iliyoonyesha vitu hivyo haikuondoka. Tulikata mtoto akijikuna upele, na nyanya aliyeanza kulia. Vipande vilivyobaki vilipangwa juu ya mstari mrefu chini ya kioo, kimoja nyuma ya kingine, kama mabehewa. Mahali palipokatwa vibaya tuliweka fondi: picha moja inayeyuka taratibu ndani ya nyingine, na jicho halioni kidonda. Mwisho kompyuta "ilipika," ndivyo tulivyosema: iliunganisha kila kitu kuwa filamu moja, na kwa muda huo wote tuliomba umeme usikatike. Ukikatika, unapika upya. Patroni alikuwa akipita nyuma yangu kila mara: "Umehifadhi? Hifadhi! Umeme haina huruma."

Mteja wetu wa kila likizo alikuwa Mama Rosa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mama mnene, mcheshi, aliyeingia studio kwa sauti kabla ya mwili. Mume wake alikuwa mshika usukani wa meli ya mizigo. Vita vilimkuta Kinshasa na meli yake, akawa analala humo humo bandarini, akiilinda. Watoto walikuwa watatu: Rosa, Dede, na wa mwisho, Neema, ambaye hakukubali kusimama mahali alipowekwa.

"Yaya Antho, unipunguze tumbo na ile mashine yako," Mama Rosa alikuwa akiniambia; yaya kwetu ni jina la heshima la kaka au dada mkubwa. "Bwana asifikiri ninakula peke yangu."

"Mashine haipunguzi, mama. Inakata tu."

"Bon, kata!"

Kisha majeshi mawili ya kigeni yaligeukiana ndani ya mji wetu. Sitaeleza siku zile. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hatasaidiwa na maneno yangu. Tulilala chini ya vitanda, mimi juu ya wadogo zangu. Mabomu yaliponyamaza tulikuta studio haina paa. Patroni alikuwa ameifunika kompyuta kwa magodoro na kulala kando yake. Tuliibeba kwenye mkokoteni hadi Mangobo, tukaanza tena kazi katika chumba kimoja kando ya nyumba yake.

Mama Rosa alikuja huko mwezi wa saba. Safari hii mwili uliingia bila sauti. Bomu lilikuwa limeangukia nyumba yao, na Neema alikuwa amekufa. Makaburini hakukufikika, hivyo walimzika uani, nyuma ya jiko.

Aliketi, akasema alichotaka. Mume alikuwa amesikia redioni kwamba Kisangani imepigwa. Alikuwa ametuma ujumbe kwa fonia, redio ya mawasiliano ya mapadri: nitumieni kanda ya likizo, niwaone wote. Kanda isipokwenda, angejua. Kanda ikienda na watoto wawili, angejua vilevile.

"Atajua akiwa peke yake kwenye chuma ile," alisema Mama Rosa. "Nani atamushika? Nani atamukalisha chini? Habari ya mutoto haiende kwa kanda, yaya. Inasemwa na mutu, ndugu wakiwa pembeni. Mto ukifunguka, arudi, Tonton atamwambia." Tonton alikuwa kaka mkubwa wa mume wake, naye alikuwa ameshakubali. "Uko na picha za Neema zilizobaki za Noeli. Umuweke."

Patroni alikataa.

"Mama, sisi tunakata. Kukata ni kazi yetu. Kuongeza mutu asiyekuwepo, hiyo ni uchawi."

"Si uchawi. Ni kungoja."

Patroni alinitazama. Nilikuwa naiona sahani ya ndizi mkononi mwangu. Nikasema, "Nitafanya."

"Fanya," alisema Patroni. "Lakini jina la studio lisitokee mwishoni."

Tulikwenda Wagenia na Rosa na Dede. Mama Rosa aliwavalisha nguo zilezile za Noeli, ingawa ya Dede ilikuwa imeshapanda juu ya magoti. "Cheka, Dede," alikuwa akisema, "papa anakuona," na Dede alifungua mdomo kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Uani kwao hatukupiga picha hata moja.

Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kufanya montaji kwa uangalifu kama ule. Kamera ilikuwa imechapa tarehe kwenye kona ya picha za Noeli, basi nikakuza kila picha mpaka kona ikatoka nje ya fremu. Nilihakikisha Neema hasimami karibu na Dede wa sasa, aliyekuwa amerefuka. Nililinganisha misuko ya Rosa. Nilififisha rangi ili jua la Desemba lifanane na la Julai. Sauti nilikuwa nimeifunga mwanzoni, kama nilivyofundishwa. Neema alikuwa akikimbilia kamera na kuongea, mdomo ukienda mbio, mkono ukionyesha mto nyuma yake. Juu yake niliweka muziki wa magitaa. Nikamweka katikati ya ndugu zake kwa fondi mbili, moja ya kuingia, moja ya kutoka.

Mama Rosa aliitazama hadi mwisho akiwa amesimama. Akasema tu, "Wako watatu." Akaichukua.

Jibu lilikuja kwa fonia baada ya miezi. Padri alilinakili, Mama Rosa akaniletea nimsomee mara mbili: "Nimeona kanda. Nimeona wote. Mwambie aliyetengeneza, asante." Mama Rosa alilia kwa furaha, nami nikajiona fundi.

Kazi iliendelea. Patroni aliugua kifua, akanikabidhi chumba, na nikawa najitegemea. Wadogo zangu walisoma. Wawili walimaliza sekondari, wa tatu akawa muuguzi. Kwa miaka hiyo Mama Rosa alileta watoto kila likizo, na kila likizo nilimchukua Neema kutoka kwenye picha za zamani nikamrudisha mtoni: mara kwa mbali, mara mgongo tu, ili asionekane haongezeki. Wakati wote huo mumewe alijibu vilevile: nimeona wote.

Halafu mto ulifunguka. Mji mzima uliteremka ufukoni kupokea meli ya kwanza, na Papa Rosa alikuwa kwenye usukani. Alikuwa amekonda, mvi kichwani. Alimkumbatia mke, Rosa na Dede, hakuuliza chochote. Walimpeleka nyumbani, ambako Tonton alikuwa ametandika mikeka na kuwakusanya ndugu. Mama Rosa alitaka nami niwepo. Wanaume wawili walikaa karibu na Papa Rosa, kila mmoja upande wake, tayari kumshika.

Tonton alikohoa. "Mudogo wangu, ulituacha hapa na watoto watatu..."

"Kaka, acha," alisema Papa Rosa. "Ninajua."

Tonton aliuliza nani alimwambia.

"Maji." Alinitazama, bila ukali. "Wewe ni ule wa montaji? Ulifanya vizuri. Lakini Rosa na Dede wako Wagenia mawe yakiwa nje, kavu, maji ya mwezi wa saba. Neema iko palepale na mawe yamefunikwa. Ile ni maji ya Noeli. Nimeshika usukani maisha yote, nitakosa kuona maji? Nikarudisha kanda, nikaangalia tena. Neema kila siku iko kwenye maji ya Noeli. Nikaelewa."

Nilikuwa nimelinganisha nguo, nywele, jua na vivuli. Mimi ni mtoto wa reli. Mto kwangu ulikuwa kitu kilichokuwa nyuma ya watu.

Mama Rosa alisema kwa sauti ndogo, "Na ujumbe wako? Miaka yote, nimeona wote, nimeona wote."

"Ningesema nini? Ulikuwa unanificha ili nisianguke peke yangu. Na wewe ungejua kwamba ninajua, ungeanguka na nani?"

Ndipo alipoinuka, wale wawili bado wamemshika mikono, akauliza ni wapi. Wakampeleka nyuma ya jiko.

Wiki iliyofuata alikuja chumbani kwangu Mangobo na kofia mkononi. Aliuliza kama kanda ya Noeli ipo, ile ya kwanza kabisa, isiyokatwa. Kawaida tulizifuta na kurekodi juu yazo, kanda zilikuwa adimu. Ile sikuwahi kuifuta. Niliiweka mashineni na, kwa mara ya kwanza, nikaiacha sauti wazi.

Milio ya bunduki ilikuwepo, kwa mbali, ng'ambo. Patroni alisema kweli, sisi tulikuwa tumeizoea. Neema akakimbilia kamera, mkono ukionyesha nyuma, na tukamsikia: "Papa! Ona, maji imejaa! Mawe yote imezama, papa! Meli inaweza kupita!"

Papa Rosa aliitikia kwa kichwa, kama mshika usukani anavyomwitikia aliyeko mbele ya meli akipima kina. Aliomba nirudishe. Nikarudisha. Hatukuhesabu mara ngapi.

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Kioo kiliyala kidogo kidogo. Ile mashine iko kwa mdogo wangu, imefunikwa kitambaa, na vumbi linaingia. Vijana hunijia na simu zao, wananiuliza namna ya kuficha hiki na kutoa kile, nami ninawaonyesha, maana kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyapata akiwa peke yake, na hilo sijalibadili. Lakini wakitaka kufunga sauti ninawashika mkono. Ninawaambia wakae kwanza, wasikilize mpaka mwisho anachosema mtoto.