Mlango Uliobaki Gazi

Bibi yangu Mwanapili hakujua kutulia. Ukimwona ameketi, basi anasuka mkeka, na hata hapo goti lilikuwa likimchezacheza. Watu wa Gazi walimtania kuwa amekalia siafu. Mimi simcheki, maana mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa na sababu, na sababu yenyewe nilikuwa mimi, bado niko tumboni.

Mama yangu, Mwanasha, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa Mwabungo. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi mzaa mama, nyuma ya mlango wake, si kwa wakwe. Lakini mimba ilikuwa ya shida, miguu imevimba, mkunga akakataza safari. Bibi akasema vyema, kama binti hawezi kuufuata mlango, mlango utamfuata binti. Akaung'oa. Naam, ule mlango wa mvule aliouchonga marehemu mumewe, akauviringishia majamvi, na nyumba mpya hajaipata bado. Ndiyo papara yake hiyo.

Nyumba ilikuwapo Mwabungo, ya Mzee Chirau, haijatiwa mlango. Chirau hakutaka pesa. Alitaka kuwekewa rehani minazi ishirini ya bibi, ale nazi zake miaka minne, kisha minazi irudi kwa mwenyewe, na nyumba iwe ya bibi tangu siku ya mapatano. Taabu ni kwamba minazi ile ilikuwa tayari rehani kwa Bwana Alfani, mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa, pale Gazi. Babu aliiweka kwa shilingi mia na hamsini, kwa miaka mitatu, kisha akafariki. Alfani alikuwa ameila mwaka mmoja na nusu. Chirau akampa bibi hadi Ijumaa awe ameikomboa, la sivyo nyumba angepewa mwingine.

Bibi akauza mbuzi wawili na mikeka yote, mia na hamsini ikatimia, akaenda nayo Jumatano imefungwa kwenye pindo la leso. Shikamoo, marahaba, kahawa ikaletwa, hakuinywa. Alfani akazihesabu pesa, akazisukuma kando. Akamtuma mkwezi apande minazi yote na ahesabu kilichoko juu. Mkwezi akahesabu nazi, koroma, madafu, mpaka vidaka, vile vichanga visivyojaza hata kiganja.

"Tulipatana miaka mitatu, Bi Mwanapili," Alfani akasema. "Ukiikomboa leo, unaninyang'anya nazi zangu. Zilipe hizo kwanza. Shilingi sitini."

Hivi jamani, mtu amekula minazi ya mjane mwaka na nusu, deni halikupungua hata senti, sasa analipwa kabla ya siku yake, halafu yeye ndiye aliyedhulumiwa! Kila nikisimulia damu hunichemka. Bibi alimuuliza neno moja tu.

"Na kidaka kikiangushwa na upepo, Bwana Alfani, utanirudishia pesa yangu?"

Alfani akajibu kwamba upepo ni wa Mwenyezi Mungu.

Alhamisi bibi aliizunguka Gazi nzima akikopa, kila nyumba anasimama kizingitini, hakaribii ndani. Alipata shilingi kumi na moja. Wapo waliomwambia hiyo ni riba, aende kwa kadhi. Kadhi yuko mbali, na Ijumaa ni kesho.

Asubuhi, lori la mbata likipakiwa, alirudi kwa Alfani na zile kumi na moja. Alfani hakuziangalia. Alikuwa akiliangalia lile furushi la majamvi lililoegemezwa lorini. Akasema mvule ule unafaa, auache, wawe wamemalizana. Bibi aliyafungua majamvi kwa mkono wake, akaupangusa mlango vumbi kwa leso, akapanda lori. Alilia njia nzima, na hakuona haya kulisema.

Nilizaliwa siku tisa baadaye, adhuhuri, katika nyumba ile ya Chirau, sasa yetu wenyewe, mbele uwazi usio na mlango. Majirani na wakwe walijaa uani. Bibi alikuwa ametundika leso, lakini upepo ukawa unaipeperusha kila mara. Basi akaenda kusimama pale pale, mikono miwili ameshika miimo, mgongo kwa watu, uso kwa mwanawe. Mama husema tangu asubuhi hadi nilipolia hakubadilisha hata mguu. Nyanya mzaa baba alimwonea huruma, akamletea kigoda.

"Ahsante, sikai," bibi akasema. "Mimi ndio mlango."