Kijiko cha Biji

Njambi alipoacha kazi, duka la Gurdeep likanyamaza. Si kwamba wateja walipungua. Waliendelea kupanda zile ngazi za Barabara ya Luthuli, Nairobi, wamekumbatia redio zao kama watoto wenye homa. Ila Njambi alikuwa na desturi ya kuziacha redio alizozitengeneza zipige zote kwa pamoja, sita au saba, kila moja na stesheni yake. Aliamini kwamba redio haijapona mpaka ishinde kutwa ikisema. Meza yake ilipobaki tupu, watu wa dukani waliisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu Gurdeep aliitoa betri.

Njambi alikuwa ameingia pale mwaka 1981, msichana wa Mutuini mwenye vidole vyembamba na cheti cha ufundi ambacho hakuna mwajiri aliyetaka kukisoma. Wateja walimtazama usoni na kumuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ametoka," alijibu. "Niachie, nitamwambia."

Wakirudi jioni walikuta redio imepona, nao walimwachia salamu za fundi.

Wikendi alirekodi kwaya na harusi kwa kaseti, na huko ndiko alikojifunza kanuni aliyoishika kama amri ya kanisani: sindano ya kupimia sauti kwenye mashine lazima iguse wekundu kidogo. Ukirekodi kwa sauti ya chini, kaseti itakuletea uvumi wake, ule mchakacho kama mvua ya rasharasha juu ya mabati, na kwaya itaimba ndani ya mvua hiyo maisha yake yote. Ukizidisha kidogo, kaseti husamehe. Sauti huvimba kama chapati, lakini huliwa.

Mwaka 1993 binamu yake Gurdeep alitoka Uingereza na mashine ya kurekodi ya dijitali isiyozidi Biblia kwa ukubwa, pamoja na kanda zake mbili, ndogo kama viberiti. Njambi alisoma kitabu cha maelezo kutoka jalada hadi jalada. Mchana ule hakula.

"Bosi, unajua hii haichori sauti?" alimwambia Gurdeep, macho yakimwaka. "Inaiandika! Inaisikiliza mara elfu arobaini na nane kila sekunde, na kila mara inaandika nambari. Sekunde moja, bosi!"

"Hata mke wangu hanisikilizi hivyo kwa mwaka," Gurdeep akasema.

Walicheka. Kisha Gurdeep akafunga mlango wa duka kabla ya saa ya kufunga, akamweleza.

Mama yake, Kulwant Kaur, ambaye mtaa mzima ulimwita Biji, alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu angepasuliwa, na madaktari walishasema kwamba kuutoa uvimbe ni kuitoa na sauti. Biji hakulia. Aliuliza swali moja tu: nani atamtukana bwana harusi? Mjukuu wake Jasbir alikuwa anaolewa Desemba. Kwao Wapunjabi, wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia wageni wa bwana harusi nyimbo za matusi ya utani, na kwa miaka arobaini hapakuwa na ulimi mkali kuliko wa Biji kutoka Ngara hadi Westlands. Wanaume waliokwisha kuwa mababu bado walizikumbuka beti alizowaimbia.

"Jumamosi," Gurdeep alisema. "Wewe na hiyo mashine."

Jumamosi asubuhi Njambi alifika nyumbani kwao Westlands. Alifunga madirisha, akatandika blanketi juu ya meza ya kioo, akaizima friji na kuweka funguo zake za nyumba ndani yake, kando ya maziwa.

Biji alimtazama. "Sasa wewe, beti, binti yangu, funguo inasikia joto?"

"Friji inanguruma, Biji, nimeizima. Nikisahau kuiwasha, sitaweza kuingia kwangu Riruta bila kurudi hapa."

"Huyu ako na akili," Biji alimwambia mwanawe. "Wewe ungeweka funguo mfukoni na maziwa iharibike."

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Alikaa mkekani, ngoma ndogo ya ngozi mbili ikiwa chini ya goti, na mkononi kijiko cha chuma cha kugonga ubao wa ngoma.

Mashine ilikuwa na chaguo la mwendo mrefu, la kuandika nambari chache zaidi ili kanda ya saa mbili itoshe saa nne. Gurdeep alilipenda hilo. "Weka ndefu. Kanda ziko mbili tu Nairobi nzima."

"Biji haimbi nusu nusu," Njambi akasema, akaiacha kwenye elfu arobaini na nane.

Biji alianza taratibu, kama anayebembeleza. Kwenye kioo cha mashine vijistari vyeusi vilipanda nusu ya njia. Njambi, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, alizungusha kitufe hadi vikakaribia mwisho kabisa, pale palipoandikwa sifuri. Ndipo Biji akamfikia bwana harusi. Alipaza sauti, kijiko kikaanguka juu ya ubao, ta-ka-ta, vijistari vikaruka mpaka kwenye sifuri na kukaa huko. Kaseti husamehe, Njambi aliwaza, akakiacha kitufe hapo hapo.

Wimbo ulipokwisha Njambi aliusikiliza kwa vipokea sauti. Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha kijiko cha kwanza kikapiga, na masikioni mwa Njambi pakapasuka kama bati linalochanwa. Kila kijiko, mpasuko. Kila tusi, mpasuko. Mashine ilikuwa imeishiwa nambari, na kilichozidi ilikuwa imekikata tu, kama panga.

Njambi alivua vipokea sauti, akampa Gurdeep asikie. "Biji, ni mimi nimeharibu. Nimeweka juu sana."

Biji alikohoa kwa muda mrefu, akanywa maji ya tangawizi, akainua kidole kimoja. "Kooni imebaki moja."

"Basi acha kijiko, Biji," Gurdeep alisihi. "Kijiko ndicho kinaharibu."

"Bila kijiko hiyo ni sala. Mimi nataka matusi!"

Njambi alivaa tena vipokea sauti, akarudisha kanda hadi pale kabla ya wimbo, Biji alipokuwa bado anajitengeneza mkekani. Alikuwa akiitafuta mvua. Akaongeza sauti. Akasikia kitambaa kikigusana na bangili. Akaongeza hadi mwisho. Akasikia Biji akivuta pumzi, na nyuma ya pumzi hiyo, hakuna. Hakuna mabati, hakuna rasharasha. Ukimya mtupu, mweusi, safi kama kisima.

"Hakuna mvua!" alipiga kelele. Gurdeep akatazama dirishani. "Bosi, humu ndani hakuna mvua! Naweza kurekodi kwa sauti ya chini!"

Akashusha kitufe, akashusha tena, hadi vijistari vikachechemea chini kabisa, mahali ambapo fundi yeyote wa kaseti angemfukuza mwanafunzi wake. Mkono ulimkatalia; akaulazimisha.

"Imba, Biji. Mtukane kabisa."

Biji akaimba. Alimwimba bwana harusi na pua yake, na mama yake, na gari lake la kuazima, kijiko kikiruka kama panzi. Vijistari vilipanda, vikakaribia sifuri, havikuigusa hata mara moja. Ubeti wa mwisho sauti ilimpasukia mwenyewe, akaumalizia kwa mnong'ono, na mashine ikauandika mnong'ono pia.

Desemba, ukumbini, wageni wa bwana harusi walipokaa tu, tusi la kwanza lilitoka kwenye spika. Wajomba wakageuka huku na huku wakimtafuta mwimbaji. Biji alikuwa mstari wa mbele, skafu ya waridi shingoni, kinywa amekifumba, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja na kugonga kijiko kwenye mkono wa kiti bila kukosea pigo. Bwana harusi alicheka hadi kilemba kikalegea. Nyuma kabisa, karibu na swichi, Njambi alijikuta amepiga vigelegele vya Mutuini, na wanawake wa Kipunjabi wakamwitikia.

Baada ya hapo watu walianza kupanda ngazi za Luthuli wakimuulizia kwa jina. Miaka mitatu baadaye aliacha kazi ili ajitegemee.

Sasa, mwaka 1999, Njambi yuko Kinoo, katika chumba juu ya duka la chakula cha kuku. Anarekodi kwaya kila Jumamosi, na funguo zake huwa ndani ya friji.